Mawe ya Njiani na Kumbukumbu za Buha

Katika toleo hili la kuadhimisha mandir yetu, tumeona inafaa kuandika machache juu ya historia ya nyanda za juu za Kigoma, hasa Kasulu na Kibondo. Tunaanzia barabarani, kwa sababu biashara iliyowaleta wazee wetu huku ilipita njiani, na kwa sababu njia yenyewe sasa inabadilika sura.

Wenye asili ya Kutch na Saurashtra wanaifahamu paliya. Ni jiwe lililochongwa na kusimamishwa kando ya njia au mpakani mwa kijiji, kumkumbuka mtu aliyekufa akiwatetea watu wake au mifugo yao. Juu yake huchongwa jua na mwezi, maana yake sifa ya marehemu idumu kadiri jua na mwezi vitakavyodumu. Hata asiyejua kusoma hulielewa jiwe hilo, na mara nyingi yupo mtu kijijini wa kumsimulia yaliyosalia.

Mkoani Kigoma, jiwe lenye jina kubwa kuliko yote liko Ujiji, pale uliposimama mwembe ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwezi Novemba 1871. Wageni hulizuru kutoka nchi za mbali. Lakini jiwe hilo linaadhimisha mwisho wa safari tu. Siku chache kabla ya kufika Ujiji, msafara wa Stanley ulikatiza nchi ya Waha, na watawala wake wakadai hongo, yaani doti za nguo. Alipokwisha kulipa kwa mtawala mmoja, akaambiwa wengine wako mbele wanangoja. Ndipo alipotafuta waongozaji, akaiacha njia kuu na kutoroka usiku kupitia porini, watu wake wakikatazwa hata kunong'ona. Yeye aliandika habari hiyo kama mtu aliyenyang'anywa. Kwa Waha, hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi yenye wenyewe. Upande huo wa habari haukuwekewa jiwe.

Tujiulize pia nguo zile zilitoka wapi. Merikani ilitoka Marekani, na kaniki ilitoka Bara Hindi. Kampuni ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch, ilishika forodha ya Zanzibar kwa miongo kadhaa katika karne ya 19. Wakala wake, Ladha Damji, alisaidia kuandaa msafara wa Burton na Speke mwaka 1857, nao wakafika Ujiji Februari 1858. Basi jina la Mgujarati lilitangulia katika njia hii muda mrefu kabla ya duka la kwanza kufunguliwa milimani. Ni haki kulisema hilo kwa fahari. Ni haki vilevile kusema kwamba misafara iliyokopeshwa mali pwani ilirudi na pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa. Anayetaka daftari la babu yake lisomwe hana budi kukubali lisomwe kurasa zote.

Tukipanda kutoka Kigoma kwenda Kasulu na Kibondo, mawe ya namna ya Ujiji yanatoweka. Hapa alama ni majina. Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa falme za Buha, kila moja na mwami wake. Leo Muhambwe ni jina la jimbo la uchaguzi la Kibondo, na Buyungu ni la Kakonko; wapiga kura wanayataja bila kukumbuka enzi zilizoyazaa. Heru ilitawaliwa na Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika kiti hicho katika miaka ya mwisho ya ukoloni, wakati ambapo wanawake wenye cheo kama chake walikuwa wachache mno nchini.

Alama nyingine ni za watu walioondoka. Waha wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na kuanzia mwaka 1944 ajira hiyo ilipangwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa Silabu. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha watu katika vijiji vya ujamaa. Mwembe uliobaki peke yake porini mara nyingi huonyesha palipokuwa na mji wa mtu. Kisha wakaja waliokimbia: Warundi baada ya mauaji ya Rais Ndadaye mwaka 1993, na Wakongo waliopokelewa Nyarugusu kuanzia mwaka 1996. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015. Watoto walizaliwa humo na wazee wakazikwa humo.

Katika miaka ya karibuni lami imekuwa ikijengwa kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu. Tunaishukuru Serikali, maana mfanyabiashara yeyote aliyewahi kukwama na lori masika anajua thamani yake. Lakini barabara ikipanuliwa, miti hukatwa na makaburi huhamishwa, na nguzo mpya za pembeni hutaja kilomita peke yake.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo kwa jumuiya yetu. Wafadhili wa mandir wana desturi ya kuchongesha majina yao katika marumaru, nayo ni desturi njema. Sehemu ndogo ya sadaka hiyo itoke nje ya ua wetu: tukae na wazee wa Kiha na maofisa utamaduni wa wilaya, tuandike simulizi za kila mahali, kisha tusimamishe vibao vya kawaida kwa Kiswahili na Kiha. Wazee waseme wenyewe kiandikwe nini, na majina yetu yasiwepo juu yake. Kazi hii ianze mapema, kwa kuwa jiwe linaweza kungoja fundi, ila mzee anayeijua hadithi hangoji.