Neno la Bibi Lililogeuzwa Tusi

Mtume Paulo hakuona haya kumtaja bibi. Katika barua yake ya pili kwa Timotheo anamkumbusha kwamba imani aliyo nayo ilikaa kwanza kwa bibi yake, Loisi, kisha kwa Eunike mama yake. Waingereza waliotafsiri Biblia ya mwaka 1611 waliandika hapo grandmother, neno lao la kawaida hadi leo. Walikuwa na neno jingine la kale, beldam. Nashukuru hawakulitumia, maana wakati huo lilikuwa limeshaharibika.

Lilianza vizuri. Lilitokana na Kifaransa: bel ni zuri, na dame ni mwanamke wa heshima au mama. Katika karne ya 15 Waingereza walimwita hivyo bibi mzaa mama au mzaa baba. Bel hapo halikusifia sura. Lilikuwa la heshima tu, kama vile mama mkubwa wetu si lazima awe mnene.

Shakespeare alilikuta neno likiwa njiani kugeuka. Katika utenzi wake kuhusu Lucrece, uliochapishwa mwaka 1594, beldam bado ni bibi aliyejaliwa kuwaona wajukuu. Katika mchezo wa Henry IV, uliochapishwa mwaka 1598, Hotspur anaeleza tetemeko la ardhi kwa dhihaka: ardhi ni beldam aliyeshikwa na msokoto wa tumbo. Mistari michache mbele anaiita grandam, neno jingine la kale la bibi. Kisha katika Macbeth, Hecate anawakaripia wachawi watatu, naye anawaita beldam. Wataalamu wengi wanadhani onyesho hilo liliongezwa na Thomas Middleton. Vyovyote vile, watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Bibi alikuwa amekuwa mchawi.

Sisemi neno ndilo lililoua. Ila sheria ya mwaka 1604 ilikuwa inanyonga, na wengi walioshtakiwa walikuwa wanawake, mara nyingi maskini na wazee. Mwaka 1612, huko Pendle, Elizabeth Southerns, kipofu wa miaka 80 hivi, alikamatwa akafia gerezani Lancaster kabla ya kesi. Mjukuu wake Jennet, mtoto wa miaka 9 hivi, alisimamishwa juu ya meza mahakamani atoe ushahidi. Mama yake na kaka yake wakanyongwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1736.

Huku kwetu, Shinyanga na Mwanza, akina bibi wameuawa kwa kuwa na macho mekundu. Nasi tuna neno ajuza, ambalo kwa Kiarabu ni mwanamke mzee tu.

Siku moja nilimtembelea bibi mmoja wa usharika wetu. Alikuwa jikoni akipuliza kuni mbichi. Nje nilimwona mwanafunzi wangu wa kipaimara akiuzunguka ua kwa mbali, nikamuuliza kwa nini hapiti njiani.

"Baba Mchungaji, huyo ajuza ana macho ya kichawi."

Hakupunguza sauti. Bibi alisikia, nami nikajua amesikia. Nilipoingia alinisogezea kigoda mbali na mafiga.

"Kaa upande huu, mwanangu," akasema, "moshi utakuumiza macho."