Meza za Kolwezi

Kolwezi, mji wa Katanga kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ili iwe makao ya migodi yake ya magharibi. Haukuwa mji wa watalii. Waliofika kwa reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo, mpakani mwa Angola, walikuwa wahandisi, makarani, wachuuzi na vibarua, na kila mmoja alipangiwa pa kula kulingana na rangi na cheo chake.

Wazungu walikuwa na klabu zao na hoteli, ambako vyakula vya Ulaya viliandaliwa kana kwamba Katanga haina mapishi. Mfanyakazi Mwafrika alipewa posho: unga wa mahindi, samaki, nyama, karanga na mafuta ya mawese. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilihimiza wafanyakazi wake waishi kambini na wake zao, na uamuzi huo, uliolenga kupata vibarua wasiohamahama, ndio uliozaa mapishi ya mji. Wanawake wa Kisanga, Kilunda, Kichokwe na Kiluba walijikuta jirani. Bukari, yaani ugali, ikawa chakula cha wote, ikiliwa kwa sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha) au samaki wakavu. Baadhi ya wanawake hao walianza kuuza mlangoni kile walichopika, pamoja na munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, na hao ndio mama wa migahawa ya Kolwezi ingawa historia ya kampuni haiwataji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bwawa la umeme lilijengwa kwenye mto Lualaba, na nyuma yake likatanda ziwa Nzilo. Lilikusudiwa kuendesha mitambo, lakini likaupa mji samaki wabichi, na fukwe zake zikawa mahali pa kupumzikia.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye kampuni iliyoirithi ikaitwa Gécamines. Mwezi Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji. Baada ya wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji kuingia, Wazungu wengi waliondoka, na maisha ya klabu hayakurudi kama zamani. Pigo kubwa zaidi lilikuja baadaye. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mishahara ilikatika, posho ikakauka, na sufuria ya mama barabarani ikageuka riziki ya nyumba nzima.

Sheria ya madini ya 2002 iliwaruhusu wachimbaji wa mikono na kuwavuta wawekezaji wa nje. Mkataba wa 2008 wa Sicomines, ubia wa madini kati ya Kongo na kampuni za China, uliongeza Wachina, na migahawa yao ikafuata. Kobalti ilileta wanunuzi, wanahabari na watafiti. Mwaka 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba, hivyo maofisa nao wakahitaji pa kulala na pa kula.

Hata leo mgeni huuhukumu mji kwa meza aliyokalishwa. Anayekula ndani ya uzio wa kambi ya mgodi huondoka akikumbuka vumbi na malori tu. Aliyepelekwa kula michopo, yaani nyama choma, ya mbuzi usiku, au bukari ya moto na samaki wa Nzilo, husimulia habari za watu. Tofauti hiyo si ndogo: sifa ya mji husafiri na wageni wake, na fedha zao ama hubaki kwa wapishi na wavuvi wa Lualaba, ama hurudi kwa waagizaji wa vyakula vya makopo. Hata hivyo, bukari yenyewe hutegemea sana mahindi ya Zambia, na nchi hiyo inapozuia unga kuvuka mpaka, bei hupanda katika kila mgahawa.

Wenye hoteli za Kolwezi na serikali ya jimbo wangefanya vema kuanzia mezani: wanunue samaki wa Nzilo, wawape mama wapishi maji safi na vibanda vya kudumu, na wamwandikie mgeni sombe kwenye orodha ya vyakula kabla ya chipsi.