Kutwaa na Kutwaliwa: Tarihi ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Mtu aliyezaliwa Uvira au Bujumbura, akaishi miaka mingi katika kambi za Kigoma, kisha Mola akamjaalia kufika Blacktown, mji ulio kilometa 34 magharibi ya katikati ya jiji la Sydney, aghalabu huingia darasa la Kiingereza na hofu ya maneno makubwa: uraia, bima, mkataba, mahakama. Walakini maneno makubwa hayana udhia mwingi, kwa kuwa kila moja lina maana yake, na ajifunzaye akiishika maana hiyo hubaki nayo siku zote. Limtoalo jasho ni neno dogo la herufi nne, take, aliloambiwa siku ya kwanza kwamba maana yake ni kutwaa, naye akaridhika, akadhani ya kuwa amekwisha kulijua.

Hata aendapo kwa daktari husikia kwamba atwae dawa mara mbili kwa siku, ilhali dawa kwetu ni ya kunywa. Stesheni huambiwa atwae treni, ilhali treni hupandwa. Shuleni mwanawe atatwaa mtihani, ilhali mtihani hufanywa. Mbele ya hakimu shahidi hutwaa kiapo, ilhali kiapo kwetu huliwa. Na picha, ambayo sisi huipiga, Waingereza huitwaa. Viatu wanavyovivua, ndege inayoruka, mtoto aliyefanana na mamaye, kazi iliyokula siku tatu, mgeni anayekaribishwa kitako: yote hayo huvishwa kitenzi hicho kimoja, wakati mwingine na kijineno nyuma yake, wakati mwingine peke yake. Mgeni hurudi nyumbani jioni akidhani ya kwamba akili yake ni nzito, kumbe akili yake haina dosari, bali amekutana na neno lenye umri wa karne nyingi na safari ndefu. Safari hiyo nataka kuisimulia hapa, na nataka kuisimulia kwa Blacktown, kwa sababu ardhi ya mji huo inajua, kuliko nyingi nyingine, maana ya kutwaa na maana ya kutwaliwa.

La kwanza la kustaajabisha ni kwamba Waingereza hawakuzaliwa na neno hilo. Mababu zao walikuwa na kitenzi chao cha asili, niman, nacho kilitosha kwa haja zote za mkono. Kisha wakaja watu wa kaskazini kutoka pande za Denmark na Norway, mabaharia ambao Waingereza waliwajua kwanza kwa uporaji, tangu waliposhambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793, na ambao baadaye wengi wao walikaa, wakalima, wakaoa, wakawa majirani katika sehemu za kaskazini na mashariki ya nchi. Katika vinywa vyao mlikuwamo kitenzi taka, ambacho asili yake ilikuwa kugusa, kutia mkono juu ya kitu. Mwisho wa karne ya 11 neno hilo laanza kuonekana katika maandiko ya Kiingereza, na baada ya karne chache niman likafa kabisa, lisiache ila mabaki. Mojawapo ya mabaki hayo ni neno wasemalo Waingereza hadi leo juu ya kiungo kilichokufa ganzi, numb, ambalo asili yake ni «kilichotwaliwa».

Sisi watu wa pwani tunafahamu vema mwendo wa lugha kupokea kwa jirani. Kutoka Kiarabu tulipokea kusafiri, kufikiri na kusamehe. Tulipokea sita, saba na tisa. Tulipokea lakini, kabla na baada. Hata hivyo vitenzi vya kiwiliwili, kula, kunywa, kupiga, kushika, kutwaa, vilibaki vya kwetu, vya Kibantu, kana kwamba mlango wa ndani haukufunguliwa kwa mgeni. Kiingereza kilifungua mpaka mlango huo wa ndani. Kilipokea kwa watu wa kaskazini kitenzi cha mkono wenyewe, kikapokea hata neno la «wao» na neno la sheria.

Wala asifikiri msomaji kwamba jambo la kitenzi kimoja kumsukuma mwenziwe ni la Waingereza peke yao. Katika Kiswahili cha wazee wetu kuchukua kulikuwa ni kubeba kwanza: hamali alichukua mzigo, mama alichukua mimba, na mtoto mwema aliwachukua wazazi wake, yaani aliwatunza katika uzee wao. Kushika kitu na kukifanya chako kulikuwa ni kutwaa. Leo kuchukua kumeenea na kukalia kiti cha mwenziwe, na kutwaa kumerudi nyuma, kukabaki katika hotuba, katika vitabu, na katika magazeti ya michezo ambamo timu hutwaa kombe. Lililompata niman linampata kutwaa mbele ya macho yetu, nasi hatukuitiwa shauri.

Mtu wa kwanza kuonja kwa ukamilifu uchungu wa vitenzi hivi alikuwa Samuel Johnson, ambaye kamusi yake ya Kiingereza ilitoka London mwaka 1755 katika mabuku mawili. Katika dibaji alieleza ya kuwa kazi yake ilizidishwa sana na jamii ya vitenzi vyenye maana pana na zisizokamatika, vilivyozagaa katika lugha hata haiwezekani kuvizungushia mipaka, akavitaja kimoja kimoja, na take kikiwamo. Alipofika kwake hakukwepa: alikipa maana 134, akajaza kurasa tano. Waliomfuata katika kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kutimia mwaka 1928, walijikuta katika mashaka yale yale, na hadi karne hii yetu mhariri wake Peter Gilliver alitumia miezi tisa kukipanga upya kitenzi cha kukimbia, run, akahesabu maana 645.

Ni sadfa njema kwamba na sisi tulikuwa na Johnson wetu. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, ndiye aliyekusanya kamusi sanifu iliyochapwa mwaka 1939, miaka miwili baada ya kufa kwake. Naye alikutana na kitenzi chetu kisichotoshelezwa na ufafanuzi, nacho ni kupiga. Kwani tunapiga pasi na kupiga deki, tunapiga kura na kupiga hodi, tunapiga magoti, mbizi, chafya, ramli na moyo konde, na katika yote hayo hakuna apigwaye. Mwingereza ajifunzaye Kiswahili Unguja hutoka jasho lile lile linalomtoka Mkongo huko Blacktown. Na wote wawili wangefarijika kama wangekaa pamoja na kuulizana.

Sababu ya hali hii haijifichi kwa mwenye kutafakari. Mkono ndicho chombo cha kwanza cha binadamu, na kitenzi cha mkono husemwa na kila mtu, mtoto na mzee, sultani na mchuuzi, kila siku ya maisha. Kwa kusemwa sana hupungua nyama yake, kikabaki mifupa, na nyama hukipata kwa jina kinalofuatana nalo: dawa hukitia maana ya kunywa, treni hukitia maana ya kupanda, kiapo hukitia maana ya kuahidi mbele ya Mungu. Ndiyo sababu haifai kukijifunza kitenzi cha namna hii peke yake; hujifunzwa pamoja na sahibu zake.

Sasa na turejee Blacktown. Ardhi ile ni ya Wadarug, watu walioikaa kwa maelfu ya miaka kabla merikebu za Waingereza hazijatia nanga Sydney mwaka 1788. Katika merikebu hizo alikuwamo ofisa kijana aitwaye William Dawes, mtazama nyota, ambaye alijifunza lugha ya wenyeji wa pwani, ndugu na lugha ya Wadarug wa bara, kutoka kwa binti mmoja aitwaye Patyegarang. Katika madaftari yake ya miaka ya 1790 na 1791 aliandika vitenzi vya lugha hiyo kwa nafsi na nyakati zake, na miongoni mwa maneno aliyoyahifadhi limo moja, putuwa, lenye maana ya kuota moto mikono, kisha kuvibana taratibu vidole vya mtu mwingine. Tazama basi tofauti: Kiingereza kilikuja na kitenzi kinachotaka kubeba kila jambo, kikakuta kitenzi kilichotengwa kwa tendo moja tu la huruma. Madaftari hayo yamehifadhiwa leo katika maktaba ya chuo cha SOAS mjini London, nyumba ile ile inayohifadhi hati za tenzi zetu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu; lugha mbili zisizojuana zimelala chini ya dari moja.

Januari 1815 Gavana Lachlan Macquarie alifungua huko Parramatta shule ya bweni ya watoto wa wenyeji, iliyoitwa Native Institution. Katika kanuni zake alitangaza kwamba mtoto akishaingia hatatwaliwa na mtu yeyote, awe mzazi au jamaa, mpaka mvulana atimize miaka 16 na msichana miaka 14. Mzazi aliyemchukua mwanawe nyumbani ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye kutwaa, na serikali iliyomzuia ikajihesabu kuwa mlezi. Mwaka 1823 shule hiyo ilihamishiwa kando ya barabara ya Richmond, mahali ambapo Wazungu walipaita Black Town, mji wa watu weusi, na mwaka 1829 ikafungwa. Stesheni ya treni ilipojengwa mwaka 1860 ilipewa jina la barabara iliyoelekea huko, na kufika mwaka 1862 jina likawa Blacktown tu. Shule ilikufa, lakini desturi ya kuwatenga watoto na wazazi wao iliendelea Australia hata karne ya 20, na Februari 13, 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliiombea radhi bungeni.

Miongoni mwa watoto wa mwanzo wa shule ya Parramatta alikuwa Maria, binti wa Yarramundi, mkuu wa ukoo wa Waboorooberongal. Katika mtihani wa mwaka 1819 msichana mwenyeji, ambaye wanahistoria wanamkubali kuwa ndiye Maria, alipata tuzo ya kwanza mbele ya watoto wa Kizungu wapatao mia. Mwaka huo huo kaka yake Colebee, pamoja na mwenyeji mwenzake Nurragingy, walipewa ekari 30 kando ya barabara ya Richmond. Maria aliolewa mwaka 1824 na Robert Lock, seremala aliyeletwa Australia kama mfungwa, na kaka yake alipofariki, Maria hakukaa kimya. Mwaka 1831 alipeleka kwa Gavana Darling barua ya maombi, kwa Kiingereza, akidai ardhi ya kaka yake. Ilimpasa kungoja miaka 12. Mwaka 1843 ardhi hiyo ikawa yake, akaishi hata mwaka 1878, akaacha kizazi kikubwa ambacho familia nyingi za Wadarug leo hujinasibisha nacho. Lugha iliyotumiwa kumweka mbali na wazazi wake, aliijua mpaka maana zake za ndani, akaitumia kurudisha haki ya nyumba yao. Mwaka 2018 uwanja wenyewe wa ile shule nao ulirudishwa mikononi mwa Wadarug.

Blacktown ya leo ni halmashauri ya watu karibu laki nne, na miongoni mwao wamo Wakongo, Warundi, Wakenya na Wasudani Kusini ambao Kiswahili kinawaunganisha sokoni na kanisani. Serikali ya Australia imekuwa ikiwafundisha wahamiaji watu wazima Kiingereza tangu mwaka 1948. Kwa miaka mingi kila mmoja alikadiriwa saa 510, na kikomo hicho kiliondolewa Aprili 2021, jambo la insafu, kwani kitenzi kilichomchosha Samuel Johnson hakiwezi kumalizwa kwa saa za kuhesabu.

Kwa hiyo, ewe ndugu uketiye katika darasa hilo, mwalimu akikuuliza maana ya take, usifanye haraka kujibu kwamba ni kutwaa. Tazama kwanza ni nani anayetwaa, anatwaa nini, na anatwaa kwa nani. Na ukiisha kuyajua hayo matatu utakuwa umefahamu kitenzi hicho, na utakuwa umesoma pia tarihi ya ardhi uliyoikanyaga.