Mwambao, Majimbo na Kura ya Maamuzi: Malindi na Kilifi katika Mabadiliko ya Katiba ya Kenya

Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, ukanda wa maili kumi wa mwambao, Malindi ikiwamo, ulitawaliwa na Waingereza huku ukihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mnamo 1961 Sir James Robertson alitumwa kusikiliza maoni ya wakazi. Maoni yalisikilizwa, uamuzi ulifanywa kwingine. Hadhi ya ukanda huo iliondolewa Oktoba 1963 kwa barua walizoandikiana Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, zilizoahidi kuhifadhi mahakama za kadhi. Hapakupigwa kura.

Tofauti hii baina ya maoni na maamuzi si ya maneno matupu. Istilahi “kura ya maoni” imeenea, ila maoni huweza kutolewa yakapuuzwa. “Kura ya maamuzi”, itumikayo pia nchini Kenya, yaeleza jambo lenyewe kwa usahihi zaidi.

Utaratibu huo uliingia katika katiba ya uhuru kwa njia ya ajabu. Ronald Ngala, mwalimu wa Kilifi aliyeandika Nchi na Desturi za Wagiriama (1949), aliongoza chama cha KADU na Baraza la Jimbo la Pwani. Kinga ya majimbo, kwa mtazamo wa chama chake, ilikuwa wingi mkubwa wa kura uliotakiwa katika Seneti. Katika mkutano wa London wa Septemba na Oktoba 1963, KANU ilidai njia ya kuizunguka kinga hiyo, ikapewa: pendekezo likikwama bungeni, lingeweza kupelekwa kwa wapiga kura. Hivyo kura ya umma, ambayo leo hutajwa kuwa ngao ya wananchi, ilianza kama silaha ya serikali kuu dhidi ya majimbo. Silaha yenyewe haikutumika. Mwaka 1964 serikali ilijiandaa kuitisha kura. Tarehe 10 Novemba Ngala akatangaza kuvunjwa kwa KADU, na Jamhuri ikazaliwa tarehe 12 Desemba. Mwaka uliofuata kifungu cha kura kikafutwa, na kwa miaka arobaini katiba ikawa mali ya wabunge.

Mkutano wa Bomas wa 2003 na 2004 ulikuwa wa namna nyingine. Miongoni mwa wajumbe wake 629 walikuwamo watatu kutoka kila wilaya, Kilifi na Malindi zikiwamo. Serikali ilipoigeuza rasimu yao, rasimu hiyo ilikataliwa tarehe 21 Novemba 2005. Chungwa likaishinda ndizi, Pwani ikiwa miongoni mwa mikoa saba kati ya minane iliyosema hapana. Tarehe 4 Agosti 2010, Pwani ilikubali katiba mpya pamoja na taifa.

Kifungu cha 255 cha katiba hiyo chataka malengo na muundo wa ugatuzi usibadilishwe bila kura ya umma, na angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wapige kura katika nusu ya kaunti 47. Kaunti ya Kilifi, iliyoziunganisha wilaya za Kilifi na Malindi, imo katika hesabu hiyo. Mahakama za kadhi zimo katika kifungu cha 170. Ardhi ya mwambao, ambayo sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi bila haki juu yake, haijawahi kupigiwa kura.