Imbu wa Merikebu na Ndui ya Ndege

Zamani visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, havikuwa na imbu hata mmoja. Sisi tuliozaliwa kati yao hatuwezi kuwaza nchi namna hiyo! Husimuliwa kwamba mwaka 1826 merikebu Wellington ilitia nanga Lahaina, kisiwani Maui. Mabaharia wakamwaga masazo ya mapipa yao ya maji. Ndani mlikuwamo watoto wa imbu.

Watu walileta pia kuku na ndege wageni. Ndege wadogo wa msituni, waimbaji hodari, hawakuwa wameizoea ndui ya ndege. Imbu mwenyewe haugui. Mdomo wake huchukua virusi kama sindano chafu. Vinundu hutokea pasipo manyoya: miguuni, machoni, kando ya mdomo. Ndege asiyeona atapataje chakula?

Mwaka 1968 mtaalamu Richard Warner alieleza majaribio yake: ndege wa kisiwa cha Laysan waliokingwa na imbu waliishi, wasiokingwa walishikwa na ndui na malaria, wakafa.

Mwaka 2023 Marekani ilitangaza kwamba aina 8 za ndege wa Hawaii zimetoweka. Wengi waliosalia wamekimbilia milima mirefu yenye baridi, wasikopenda imbu. Na baridi hiyo inapungua.