Udongo na majani mbele ya baridi: somo kutoka Nebraska

Tuanze na swali. Unafika mahali pa kuishi, hakuna miti. Mbao hakuna, matofali ya kuchoma hakuna, makala hakuna. Na kisha miezi michache, baridi itashuka mpaka digrii 20 chini ya sifuri, ao zaidi. Utajenga nyumba ya namna gani? Na ndani yake utawasha nini?

Swali hilo lilikuta maelfu ya familia katika Nebraska, katikati ya Marekani, nyuma ya mwaka 1862. Tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka huo, Presida Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kugawa mashamba: ekari 160, ni kusema karibu hektari 65, kwa mtu atakayekubali kukaa pale na kulima miaka 5. Wengi walitoka Ulaya, mifuko mitupu. Kununua mbao za kuleta kutoka mbali ilikuwa ndoto.

Basi wakaangalia chini ya miguu yao. Mbuga ile ilikuwa haijalimwa kamwe na jembe la kukokotwa. Sisi wa agronomia tunajua kile kinachotokea hapo: mizizi ya majani inashikana na udongo kama mkeka. Walipasua mkeka huo kwa jembe la kukokotwa na wanyama, wakakata vipande vya unene wa santimetre 10 hivi, wakavipanga kama matofali, upande wa majani ukiangalia chini. Ukuta ulifika santimetre 60, pengine 90. Baridi ya inje ilichoka mbele ya kufika ndani.

Lakini tusipambe mambo. Paa lilikuwa pia la udongo juu ya miti midogo na majani. Mvua ikinyesha, lilivuja, na inje kukikauka, ndani matone yaliendelea. Nyoka na panya walikuwa wapangaji wa kudumu.

Kazi ya kutayarisha nyumba ilianza mbele ya theluji. Walijaza nyufa kwa udongo. Walibandika magazeti ya zamani ukutani ili upepo usipenye. Wale wenye nyumba za mbao walizungusha udongo, majani makavu ao samadi chini ya kuta, juu baridi inapenda kuingilia chini. Kisha, kuni. Pasipo miti, kuni ilikuwa magunzi ya mahindi, mavi makavu ya ng'ombe, na majani makavu yaliyosokotwa kama kamba nene. Majani yanawaka mbio na kuisha mbio, basi kulikuwa lazima mtu wa kusokota saa zote. Tena kila fungu lililoingia motoni lilikuwa chakula ambacho ng'ombe hakupata. Familia ilipaswa kupiga hesabu mapema: ngapi ya jiko, ngapi ya zizi.

Hesabu hiyo haikuwa mchezo. Tarehe 12 mwezi wa 1 mwaka 1888, asubuhi ilikuwa ya upole. Watoto walikwenda shule na nguo nyepesi. Gafula zoruba ya theluji ikashuka, mtu hakuona tena mkono wake mwenyewe. Karibu na Plainview, shule moja iliishiwa na kitu cha kuwasha. Mwalimu akatoka na watoto 3 waliobaki naye, ili wafike nyumba aliyokuwa akipanga, ambayo haikuwa mbali. Walipotea njia. Watoto wote 3 walikufa usiku ule. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa zoruba nzima ni watu 235.

Upande wa magaribi wa Nebraska kuko vilima vya mchanga. Hapo udongo haushikani, hata ukikata vizuri namna gani. Mwaka 1904 sheria ingine iliwapa watu ekari 640 kule, karibu hektari 260. Watajenga na nini? Walikuwa na majani mengi, na mashine ya kuyabana na kuyafunga kuwa marobota. Wakapanga marobota kama matofali makubwa, wakapaka udongo ao simenti juu yake. Watu wengi walifikiri ni ujenzi wa muda tu. Kanisa la marobota lililojengwa Arthur mwaka 1928 lingali limesimama.

Siri yake ni hewa. Hewa iliyofungwa katikati ya mabua haitembei, na joto linakosa njia ya kutoka. Kupaka udongo kunazuia upepo, maji na panya. Kwa hiyo kutayarisha nyumba kwa baridi si kwanza kuongeza moto, ni kuzuia moto ulio nao usikimbie.

Kuko jambo lingine, na si la kuficha. Ile inchi iliyoitwa tupu haikuwa tupu. Wapawnee waliishi pale katika nyumba kubwa za mviringo zilizofunikwa na udongo, moto katikati, tundu la moshi juu. Walijua baridi ile mbele ya wote. Katika miaka ya 1870 walihamishwa mpaka eneo ambalo leo ni Oklahoma. Wageni wakaja kujenga nyumba za udongo juu ya udongo ule ule.

Sisi tuna diploma, na haraka sana tunaita nyumba ya udongo na majani «nyumba ya masikini». Tukipewa mradi mu kijiji, tunafika na mabati na simenti mbele ya kuuliza ukuta wa zamani unafanya kazi gani. Wale wanaoishi milimani, ambako usiku baridi inauma, wana jibu lao. Kwenu wazee walijenga namna gani? Tuwaulize wangali wazima.