Duka la muvi la Katito na kifo cha Napster

Wasee, kabla bando zishuke bei, hapa Katito nyimbo zilitoka kwa duka moja la muvi. Unapeleka memori kadi, unajaziwa, halafu unawarushia wenzako kwa Bluetooth. Tulidhani huo ni mtandao wetu sote. Siku kompyuta ya yule jamaa ilipoungua, nyimbo mpya zikakatika papo hapo.

Napster ilianguka hivyo hivyo. Ilianza 1999. Nyimbo zilikaa kwa kompyuta za watu wenyewe, lakini orodha ya nani ana nini ilikaa kwa seva za kampuni. Makampuni ya muziki yakaenda kortini huko Marekani, na Julai 2001 seva zikazimwa. Nyimbo bado zilikuwepo kwa mamilioni ya mashine, ila sasa utamuuliza nani?

Gnutella ilikuwa imeingia 2000 bila orodha ya kati. Hapo hakuna seva ya kuzima, sindio? Lakini mwaka huohuo Eytan Adar na Bernardo Huberman waliipima wakakuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawatoi faili hata moja, na karibu nusu ya majibu yote yanatoka kwa asilimia 1 tu ya kompyuta. Yaani ni lile duka la muvi tena, ila sasa halina kibao mlangoni. Hao wachache wakichoka, kwisha.

Na nikiri tu, mimi nilikuwa wa ile 70. Nikishapokea wimbo, nazima Bluetooth. Eti naokoa chaji.